Simba, nanga na herufi G: kusoma chapa za fedha na vito vya Marekani

Swali la msomaji: Naishi Marekani. Nimenunua sanduku zima kwenye mauzo ya vitu vya nyumba ya marehemu. Ndani mna kijiko chenye simba, nanga na herufi G. Uma na visu vilivyoandikwa 1847 ROGERS BROS.; kijiko chembamba cha zamani chenye neno COIN na jina la mtu; kinara cha mshumaa kilichoandikwa STERLING WEIGHTED; bruchi yenye maandishi madogo mgongoni; na bangili ya feruzi yenye neno STERLING na herufi mbili. Nitajuaje kama ni fedha kweli, nani alivitengeneza na lini? Mnunuzi mmoja anasema atavichukua vyote kwa uzito.

Jibu: Usimkubalie bado, ndugu yangu. Katika sanduku hilo mna vitu ambavyo thamani yake haimo kwenye mizani hata kidogo, na mna vingine vinavyong'aa kama fedha na si fedha. Kuvitenganisha kunahitaji lenzi ya kukuza mara 10, tochi, mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na subira.

Jambo linalotangulia yote ni hili: Marekani haijawahi kuwa na ofisi ya taifa inayopima fedha na kuigonga muhuri. Uingereza iliweka sheria ya upimaji mwaka 1300, na hadi leo chombo hupelekwa kwenye ofisi ya upimaji, kikapimwa na watu ambao hawakukitengeneza, ndipo kigongwe. Marekani aliyegonga ni fundi mwenyewe au kampuni yake. Kila chapa iliyomo sandukuni mwako ni kauli ya mtengenezaji. Sheria ya taifa ya mwaka 1906 ilikuja kuadhibu kauli za uongo: atakayeandika STERLING sharti fedha iwe sehemu 925 kati ya 1000, atakayeandika COIN iwe 900, na upungufu unaovumiliwa ni sehemu 4 kati ya 1000. Marekebisho ya mwaka 1961 yaliongeza kwamba anayegonga kiwango cha ubora agonge na alama yake ya biashara kando yake. Lakini hakuna anayelazimishwa kugonga chochote. Ndiyo maana utakutana na fedha halisi isiyo na alama hata moja, na nikeli yenye alama nne zilizopangwa vizuri.

Kwa hiyo chapa husomwa pamoja na kitu chenyewe. Umbo, uzito, jinsi kilivyoungwa na mahali kilipochakaa lazima vikubaliane na kile chapa inachodai. Vikipingana, amini kitu kuliko chapa.

Kabla ya lenzi

Usisugue. Weusi uliotulia ndani ya herufi ndio unaozifanya zisomeke, na kila usuguaji hula kidogo ya ukingo wa chapa. Nyingi zilizofifia zilifutwa na miaka mia ya kung'arishwa. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha kwa kitambaa laini cha pamba, basi. Dawa ya kuchovya usiiguse, kwa sababu huondoa hata ule weusi ambao fundi aliuweka makusudi kwenye mashimo ya nakshi.

Washa tochi kutoka ubavuni, karibu iwe sambamba na uso wa chuma, ili vivuli viinue herufi. Piga picha ukigeuza kitu kidogo kidogo. Mara nyingi herufi isiyoonekana kwa pembe moja hujitokeza kwa nyingine.

Kisha tenganisha kilichogongwa na kilichochongwa. Chapa ya fundi hugongwa kwa nyundo na muhuri wa chuma cha pua: chuma cha kitu kimebonyea, mipaka ya muhuri inaonekana, na kwenye kijiko chembamba utahisi upande wa pili umevimba kidogo au umesawazishwa baadaye. Herufi za mwenye mali huchongwa kwa ncha kali, zina mifereji mikali na mapambo ya mikunjo. Wengi hutafuta kwa miezi jina la fundi kumbe wanasoma herufi za bwana na bibi harusi. Kwenye vyombo vya karne ya 17 na 18 utaona hata herufi tatu zimepangwa pembetatu: ya juu ni ya ukoo, mbili za chini ni za majina ya mume na mke.

Simba, nanga na G

Kijiko hiki ni cha Gorham, kampuni iliyoanzishwa na Jabez Gorham mwaka 1831 huko Providence, Rhode Island. Alama hizi zimewapotosha watu wengi kwa sababu Uingereza nayo inatumia simba kwa fedha ya 925, nanga kwa ofisi ya Birmingham na herufi kwa mwaka. Tofauti iko wazi ukiijua. Kijiko cha Birmingham kitakuwa na herufi za jina la fundi pia, na kikiwa cha kabla ya 1890 kwa kawaida kitakuwa na kichwa cha mfalme au malkia. Cha Gorham hakina vichwa, herufi yake ni G siku zote, na mara nyingi neno STERLING limeandikwa kando. G hiyo haihusiani na mwaka wowote.

Gorham walihamia kiwango cha 925 mwaka 1868. Kabla ya hapo walifua fedha ya kiwango cha sarafu, yaani takriban 900, kwa hiyo simba, nanga na G pamoja na neno COIN ni jambo linalowezekana, na ni dalili ya umri. Mwaka huohuo wa 1868 walianza kugonga herufi ya mwaka: A ni 1868, B ni 1869, na kuendelea hadi Q ya 1884. Kuanzia 1885 waliacha herufi wakatumia picha ndogo, moja kwa kila mwaka, hadi 1933. Waliporudia utaratibu huo mwaka 1941 walitumia maumbo: mraba ni miaka ya 1940, pembetano ni ya 1950, pembesita ni ya 1960, na tarakimu iliyo ndani ya umbo ni mwaka ndani ya muongo huo. Pembetano yenye 3 ndani yake ni 1953.

Alama hizo za mwaka hasa utazikuta chini ya mabakuli, mabirika na masinia. Kwenye vijiko na uma usizitegemee. Hapo linalosaidia ni mchoro wa mpini. Kila mchoro una jina na mwaka ulioanza kutolewa. Chantilly, ambao ni kati ya inayopatikana zaidi Marekani, ulibuniwa na William C. Codman na kutolewa mwaka 1895. Kuwa mwangalifu na mwaka huo: unakuambia kijiko si cha kabla ya 1895, basi. Chantilly iliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi baadaye. Hali ni hiyo hiyo kwa maandishi ya PAT. yakifuatiwa na mwaka: ni mwaka wa kusajili ubunifu. Kumbukumbu za ofisi ya hataza ya Marekani zinapatikana bure mtandaoni, na ukiwa na namba au tarehe utaupata mchoro wenyewe ukiwa na jina la mbunifu. Nyaraka za kampuni ya Gorham zimehifadhiwa Brown University, mjini Providence kwenyewe.

Jina jingine likiwepo kwenye kijiko chako pamoja na simba na nanga, mathalani la duka la Boston au Philadelphia, ni la muuzaji. Maduka makubwa yaliagiza kiwandani na kuomba jina lao ligongwe.

Kwa kuwa umeanza kupita kwenye mauzo ya namna hii, ziweke akilini na alama za Tiffany & Co. wa New York. Kampuni hii iliuza fedha ya 925 tangu 1851, na chini ya vyombo vyake vikubwa huwa na namba ya mchoro, namba ya oda, na herufi moja ya jina la aliyekuwa akiongoza: M kwa Edward C. Moore hadi 1891, T kuanzia 1891 hadi 1902, C kuanzia 1902 hadi 1907, kisha m ndogo kuanzia 1907 hadi 1947. Reed & Barton wa Taunton, Massachusetts, hutambulika kwa tai, herufi R ndani ya ngao, na simba; nao waligonga alama za mwaka kati ya 1928 na 1957.

1847 ROGERS BROS.

Uma na visu hivi si vya 1847, na si vya fedha. Ni vya kuchovya: kiini cha aloi ya nikeli, shaba na zinki, juu yake utando wa fedha uliowekwa kwa umeme. Ndugu William, Asa na Simeon Rogers walianza kuuza vyombo vya namna hiyo Hartford, Connecticut, mwaka 1847, na mwaka huo ukageuka sehemu ya jina la bidhaa. Meriden Britannia Company waliichukua chapa hiyo mwaka 1862, kisha ikaingia International Silver Company ilipoundwa mwaka 1898. Vyako vinaweza kuwa vya 1910 au 1950. Kulia navyo ni vizuri. Kwa mnunuzi wa fedha chakavu havina bei ya maana.

Maneno mengine ya kuyaogopa ni EPNS (aloi ya nikeli iliyochovywa fedha kwa umeme), TRIPLE PLATE, QUADRUPLE PLATE, A1, na SILVER SOLDERED, ambalo liko sana kwenye vyombo vya hoteli na linazungumzia lehemu tu. GERMAN SILVER, NICKEL SILVER na ALASKA SILVER hayaahidi fedha yoyote. Tazama mgongo wa kijiko mahali kinapolala mezani, na ncha za uma. Huko utando huisha kwanza, na chini yake utaona rangi ya shaba au kijivu chenye manjano.

Kijiko cha COIN

Hiki ndicho ningekishika kwa mikono miwili. Kabla ya viwanda vikubwa, mfua fedha wa Marekani hakuwa na mgodi wala ghala la fedha. Mteja alileta sarafu, nyingi zikiwa dola za Kihispania, au vyombo vilivyovunjika, zikayeyushwa na kufuliwa upya. Sheria ya mwaka 1837 iliweka sarafu za Marekani katika kiwango cha 900. Kabla yake zilikuwa pungufu kidogo ya 893. Kwa hiyo COIN, PURE COIN, STANDARD, DOLLARS au herufi C au D peke yake zote zinadai kiwango cha takriban 900, na zinaashiria kwamba kitu kilitengenezwa zaidi kati ya miaka ya 1820 na mwisho wa miaka ya 1860. Vijiko vya zamani zaidi havina neno hilo kabisa. Vina jina au herufi za fundi ndani ya mstatili, duara au moyo, na mara nyingi chapa imegongwa chini kwenye shingo ya mpini badala ya juu.

Soma jina herufi kwa herufi, na ukumbuke kwamba wafuaji wa zamani waliandika I mahali pa J. IH ya Boston ya karne ya 17 ni John Hull, yule aliyesimamia kiwanda cha sarafu cha Massachusetts kilichofunguliwa mwaka 1652 pamoja na mwenzake Robert Sanderson. IR ya Philadelphia inaweza kuwa ya Joseph Richardson. Nasema inaweza, kwa sababu herufi mbili peke yake hazimtaji mtu. Mafundi wengi waligongana herufi, kwa hiyo linganisha umbo la fremu, kuwepo kwa nukta kati ya herufi, na kama herufi zimetengana au ni za mwandiko wa kuunganishwa. Chapa iliyokatika usiikamilishe kwa matumaini. Andika unachokiona na uache pengo.

Jina kamili nalo lina mtego wake. Kufikia miaka ya 1830 warsha kubwa ziliuza vijiko kwa jumla, na mwenye duka la saa katika mji mdogo aligongewa jina lake. Jina kwenye kijiko chako laweza kuwa la mtu ambaye hakuwahi kushika nyundo. Hilo halipunguzi uzuri wake: orodha za wakazi za miji na magazeti ya wakati ule humtaja alipofungua duka na alipohama, na hivyo hukupa miaka ya kijiko kwa usahihi kuliko mchoro.

Na jina usilolijua lisikufanye ukidharau. Peter Bentzon, mtu huru mwenye asili ya Afrika aliyefanya kazi Philadelphia na kisiwani St. Croix mapema katika karne ya 19, aligonga P. BENTZON kwenye kazi zake. Ni mfua fedha wa mwanzo wa asili hiyo Marekani ambaye kazi zake zinatambulika kwa chapa yake mwenyewe, na makumbusho makubwa huzitafuta. Kijiko cha namna hiyo kikiyeyushwa kwa uzito, kimepotea kwa ajili ya gramu chache.

Ukiona namba 11 OZ au 10.15, fikiria Baltimore. Huko ndiko mahali pekee Marekani palipokuwa na ofisi ya kupima fedha ya lazima, kuanzia 1814 hadi 1830, kwa kiwango cha wakia 11 kati ya 12, yaani 917. Ofisi ilipokoma kuwa ya lazima, mafundi kama Samuel Kirk waliendelea kuandika kiwango chenyewe: 11 OZ ni 917, na 10.15 ni wakia 10 na sehemu 15 za ishirini kati ya 12, yaani takriban 896.

Majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa, na Paul Revere wa Boston ndiye wa kwanza kwenye foleni. Chapa yake ya kweli ni REVERE ndani ya mstatili au herufi PR. Bakuli lake la mwaka 1768, lililoagizwa na Wana wa Uhuru, kundi lililopinga utawala wa Uingereza, liko Museum of Fine Arts mjini Boston, na kampuni nyingi za karne ya 20 zilitoa nakala zake kwa fedha na kwa kuchovya. Bakuli lenye jina Revere pamoja na jina la kiwanda ni nakala halali, si hazina.

Chapa ya kughushi hujitambulisha kwa njia tatu. Iliyomiminwa kwenye kalibu pamoja na kijiko ina kingo za mviringo na vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa. Na vijiko viwili vya namna hiyo vikiwa na mkwaruzo uleule mahali palepale, ujue vimetoka kalibu moja. Iliyokatwa kutoka kitu kingine na kupachikwa huonyesha mstari wa lehemu: pumulia pale, na ukungu wa pumzi unapoondoka mstari utaonekana kwa sekunde mbili tatu. Iliyogongwa juzi kwenye kijiko cha kale hukaa juu ya mikwaruzo badala ya kukatwa nayo. Pitisha na kidole gumba juu ya mpini: mahali palipokonda ghafla ni mahali palipofutwa herufi za zamani, na bei hushuka.

Je, ni fedha?

Sumaku huanza, lakini hujibu upande mmoja tu. Ikishika, si fedha. Isiposhika, bado yaweza kuwa shaba au nikeli.

Kwa kijiko kizima kisicho na mvungu, upimaji mzuri ni wa maji. Pima kijiko kikavu. Weka glasi ndefu ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ning'iniza kijiko kwa uzi hadi kizame chote bila kugusa chini wala ubavu, kisha soma. Gramu zinazoongezeka ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Kijiko cha gramu 31.1 kikiongeza gramu 3.0, gawanya: unapata takriban 10.4, na hiyo ni fedha ya 925. Aloi ya nikeli yenye ujazo huohuo ingekuwa na uzito wa kama gramu 26 tu, yaani 8.7. Njia hii haifai kwa kinara, visu vyenye mpini mtupu, wala bangili yenye jiwe.

Asidi ya kupimia ipo madukani. Hugeuka nyekundu ya damu kwenye fedha, lakini ina asidi ya nitriki na kemikali ya kromiamu yenye sumu, na huacha doa. Ukilazimika, kwaruza sehemu iliyofichika kwenye jiwe la kupimia na uweke tone kwenye mstari uliobaki juu ya jiwe, ukiwa na glavu na dirisha wazi. Sonara mwenye mashine ya kupimia kwa eksirei atakupimia bila kuharibu kitu, ila mwombe alenge mahali palipochakaa. Mashine husoma uso, na utando mnene wa fedha unaweza kuidanganya.

Kinara

STERLING hapo ni kweli, lakini ni ganda jembamba tu. WEIGHTED maana yake ndani mmejazwa saruji, plasta au lami, mara nyingi pamoja na fimbo ya chuma, ili kinara kisianguke. Fedha kwa kawaida ni chini ya robo ya uzito wote. Mnunuzi anayekipima kizima anakisia, na hukisia kwa faida yake. Usikitumbukize kwenye maji ya moto: ujazo hutanuka na kupasua mshono. Visu vyenye neno STERLING HANDLE vina hali hiyo hiyo, kwa sababu bapa ni chuma cha pua na mpini una ujazo ndani.

Bruchi

Kwenye bruchi angalia bamba la nyuma, kisha kishikio cha pini. Taji juu ya herufi T ni Trifari. Neno STERLING kwenye vito vya bei nafuu vya kampuni kama Trifari au Coro mara nyingi linaelekeza kwenye miaka ya vita. Mwaka 1942 metali za kawaida zilizuiliwa kwa matumizi ya jeshi, watengenezaji wakahamia fedha, nyingi ikipakwa dhahabu, na vita vilipokwisha wakarudi walikotoka. Alama ya © ni saa nyingine nzuri: kesi ya Trifari ya mwaka 1955 ndiyo iliyothibitisha kwamba ubunifu wa vito hivi unalindwa na hakimiliki, na baada yake alama hiyo ikaenea.

Ukisoma 1/20 12K GF, hiyo ni dhahabu iliyobandikwa kwa joto na mgandamizo. Hesabu yake ni rahisi: kati ya gramu 20 za chuma, gramu 1 ni dhahabu ya karati 12, na nusu ya hiyo, gramu 0.5, ndiyo dhahabu safi. HGE (dhahabu iliyochovywa kwa umeme) na RGP (bamba jembamba la dhahabu lililobandikwa) zina dhahabu pungufu ya hiyo. Kwa 14K yenyewe, ujue kwamba hadi mwaka 1981 sheria iliruhusu upungufu wa nusu karati, na karati nzima kitu kilipokuwa na lehemu. Baada ya hapo kiwango kilibanwa sana. Pete ya zamani ya 14K inayopimwa 13.5 si lazima iwe ya ulaghai.

Bangili ya feruzi

Hapa nakuomba uende polepole kuliko pote. Wanavajo, kabila la Wenyeji wa Marekani wa kusini-magharibi kama walivyo Wazuni na Wahopi, walianza kufua fedha katika karne ya 19, na Atsidi Sani ndiye anayetajwa zaidi kuwa wa kwanza wao. Walifua dola na peso za Mexico, wakatengeneza mihuri ya nakshi kutoka kwenye tupa kuukuu na vyuma chakavu, na hawakugonga majina. Kwa hiyo bangili nzuri kuliko zote zinaweza kuwa tupu mgongoni. Neno STERLING linaielekeza yako karne ya 20, na herufi za fundi zilianza polepole kuanzia miaka ya 1930 na kuenea hasa miaka ya 1970, soko lilipopamba moto. Kuna pia muhuri wa U.S. NAVAJO, U.S. ZUNI au U.S. HOPI wenye namba, uliotolewa chini ya bodi ya serikali iliyoundwa mwaka 1935. Namba ilikuwa ya duka au shule, si ya fundi.

Herufi mbili zinashirikiwa na watu wengi, wakiwemo baba, mama na watoto wa nyumba moja. Piga picha herufi, mishono ya nyuma, ukingo wa chuma unaoshika jiwe, na nakshi kwa karibu, kisha zilinganishwe na kazi zilizothibitishwa za fundi unayemdhania. Nakshi za mkono haziko sawa kabisa: mapigo mawili ya muhuri mmoja hupishana kwa kina na pembe. Zikiwa zinafanana bila tofauti hata ndogo, na mgongo una vishimo vidogo, bangili ilimiminwa au kukandamizwa kwa mashine. FP ya Fred Peshlakai, mmoja wa Wanavajo wa mwanzo kugonga herufi zao, imeghushiwa. Jina la Charles Loloma, Mhopi aliyefariki 1991, vivyo hivyo. Wazuni wengi wa miaka ya karibuni huandika jina kwa kalamu ya umeme badala ya kugonga.

Jiwe nalo lina neno lake. Feruzi nyingi zimeimarishwa kwa gundi ya plastiki, jambo linalokubalika likitajwa, na nyingine ni plastiki tupu. Usichome kwa sindano ya moto kama wengine wanavyoshauri. Unaharibu jiwe halisi ili kuthibitisha kwamba lilikuwa halisi. Mpelekee mtaalamu wa mawe.

Na ukija kuuza, chunga kauli yako. Sheria ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kama kazi ya Wenyeji wa Marekani ikiwa hakikutengenezwa na mwanachama wa kabila linalotambuliwa au fundi aliyeidhinishwa nalo, na adhabu ya kosa la kwanza kwa mtu binafsi iliwekwa hadi dola 250,000 au kifungo cha hadi miaka 5. Kama huna uthibitisho, eleza unachokiona: bangili ya fedha na feruzi, chapa STERLING, herufi hizi.

Kuhusu yule mnunuzi

Mwuzie, ukipenda, vijiko vya 925 vilivyopinda au kukatika ambavyo vina majina ya kawaida. Lakini kwanza fanya hesabu mwenyewe. Fedha huuzwa kwa wakia ya troy ya gramu 31.1, si ile ya sokoni ya gramu 28.35, na anayechanganya mizani hizo mbili anaweza kukupunja karibu asilimia 9. Chukua gramu, zidisha kwa 0.925, gawanya kwa 31.1, kisha zidisha kwa bei ya siku. Kijiko cha gramu 62.2 kina wakia 1.85 za fedha safi. Kwa cha COIN tumia 0.900, ingawa hicho, pamoja na bangili, visitoke nyumbani kwenda kwake kabla ya jina na herufi kutafutwa. Cha Gorham linganisha kwanza na bei ya mchoro wake, kwa kuwa wapo wanaokamilisha seti za Chantilly na hulipa zaidi ya bei ya kuyeyusha.